Ndugu wa Kila Nyumba

Mwanamume nisiyemjua alipiga magoti kibarazani kwetu, akamnyang'anya mama yangu kitambaa, akaanza kung'arisha sakafu.

Ndivyo ilivyoanza. Naomba nisimulie taratibu.

Kila Jumamosi saa moja asubuhi mama hupaka kibaraza nta nyekundu. Hapa Mdantsane, Afrika Kusini, kibaraza kisichong'aa ni aibu, watu watadhani mwenye nyumba yu mgonjwa. Kazi yangu mimi ni kubadilisha maji na kuchambua maharage ya kande. Hatuongei. Redio inahubiri, kitambaa kinasugua, mimi natupa vijiwe.

Siku hiyo sauti ya kitambaa ilikatika.

Nikachungulia. Getini kulikuwa na viatu vya ngozi vimevuliwa na kupangwa vizuri. Mwenye viatu, mtu wa miaka kama arobaini, shati jeupe la kunyooshwa, alikuwa chini anasugua kwa nguvu kama analipwa. Mama amesimama pembeni, viganja vyekundu, hajui acheke au aite watu.

"Bhele," yule mtu alisema bila kuinua kichwa. "Khuboni. Dunjane. Qunta. Dada wa baba yangu hawezi kupiga magoti mimi nikiwa hai."

Hayo ni majina ya sifa ya ukoo wa mama. Mama ni MaBhele, yaani binti wa ukoo wa Bhele. Mtu wa ukoo wako ni ndugu yako, hata kama mmeonana leo, hata kama ameshuka kutoka mwezini. Hafukuzwi. Hanyimwi chai. Na mama hakuwa amesikia mtu akimtaja hivyo tangu tulipomzika mjomba wangu wa mwisho.

Alifuta macho kwa mkono wenye nta, akabaki na mchirizi mwekundu shavuni.

"Bhele wa wapi wewe, mwanangu?"

"Wa Tsomo, shangazi."

"Ingia ndani."

Maneno mawili tu hayo. Laiti ningejua.

Alijiita Phakamile. Aliingia, akaangaza sebuleni, akaenda moja kwa moja kukaa kiti cha baba.

Kile kiti hakikaliwi. Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Kaburi lake bado halina jiwe, na kwetu aliyelala bila jiwe ni kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa. Mama alishona sare za shule miaka yote miwili mpaka pesa ya jiwe ikatimia. Ilikuwa benki, inasubiri. Desemba ukoo mzima ulikuwa unakuja kulizindua.

Hiyo ndiyo pesa iliyomleta. Damu haikumleta.

"Shangazi, mimi nafanya kazi ya mapaa," alisema akikoroga chai. "Lakini leo sikuja kuuza chochote. Nilikuwa napita tu, nikasikia damu inaniita."

Alikuwa anapita tu, na ngazi juu ya gari.

Akainua macho kwenye dari. Akasikitika kwa ulimi, kama daktari aliyeona picha mbaya.

"Chumba cha nyuma. Kona ya kushoto, juu ya kitanda. Panavuja."

Hakuwa amefika chumba cha nyuma. Hata chai hakuwa ameimaliza.

Mama aligeuka akanitazama. Kile ni chumba changu. Mvua ikianza naweka beseni juu ya godoro, najikunja upande mkavu, asubuhi namwaga maji kabla mama hajaamka. Sikuwahi kumwambia. Ningemwambia angeigusa pesa ya baba.

"Ni kweli, Babalwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Niseme ukweli wangu mapema: mimi ni mtu wa kutikisa kichwa. Nimesomea ukutubi, cheti changu kipo ukutani, lakini niulize jambo mbele ya mgeni uone ulimi unavyolala. Maneno yangu yote huishia tumboni.

Phakamile akatabasamu. "Uzoefu, shangazi. Paa linaongea, mimi nasikiliza."

Akapanda juu. Tulimsikia akitembea kama mbuzi. Akashuka na kipande cha asbesto kiganjani, kimemeguka, kinatoa vumbi. Nyumba zote za mtaa wetu zina paa hilo la zamani. Akakiweka mezani juu ya kitambaa cha mama, karibu kabisa na mkate.

"Marehemu alikufa na nini?"

"Kifua," mama alisema.

Hakujibu. Alikitazama kile kipande, akamtazama mama, akakitazama tena. Akanyamaza mpaka mama akashika mdomo.

Jamani. Kifua cha baba kilitoka mgodini. Miaka kumi na tisa chini ya ardhi. Kila mtu mtaani anajua, mama anajua kuliko wote. Lakini mtu akikuwekea ukimya wa namna ile mezani, na wewe ni mjane, unaanza kujiuliza kama ni wewe uliyemlaza mumeo chini ya sumu.

Tumboni nilisema, wewe mshenzi, baba yangu usimguse. Mdomoni nilisema, "Niongeze maziwa?"

Kisha ikaja bei. Akaiandika kwenye karatasi, akaikata. Akaandika ndogo yake, akaikata nayo. Akapiga simu, akaiweka sauti ya nje.

"Bosi, huyu ni shangazi yangu wa damu."

"Mpe bei ya ndugu," sauti ikajibu. "Lakini ni ya leo tu. Benki ikifungwa saa sita, na bei imefungwa."

Mama alijitahidi. Nataka mjue hilo, mama yangu si mjinga.

"Mwanangu, tupe wiki moja tufikirie."

"Kufikiri ni kuzuri, shangazi. Mvua ndiyo haifikirii."

"Basi nimuulize shemeji yangu, kaka wa marehemu."

"Kwani shemeji ndiye analala chini ya hili vumbi? Nyumba hii nani anaamua?"

"Lakini pesa niliyo nayo ni ya jiwe tu."

Akaweka kikombe chini. Akasogeza kiti cha baba karibu na mama mpaka magoti yakagusana.

"Shangazi, nikuulize kama mwanao. Marehemu angechagua nini? Jiwe juu ya kifua chake, au paa juu ya binti yake?"

Mama alisimama. Kwetu mwenye nyumba akisimama, mgeni anaelewa. Yeye alimpa kikombe. "Chai hii, shangazi, ni kama ya bibi yetu Tsomo. Nipatie kidogo tena." Mama akaenda kuchemsha. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu. Alimaliza mkate wetu mzima wa mvuke, yule kiumbe, na makombo akayafuta kwa kidole akala.

Ilipofika saa tano hivi, alinigeukia mimi.

"Dada mdogo, wewe ndiye msomi hapa. Acha mambo ya shangazi. Unalitaka paa au hulitaki?"

Wote wawili wakanitazama. Yeye kwa meno, mama kwa macho yaliyochoka.

Nilitikisa kichwa. Ndiyo.

Sikuwa namaanisha ndiyo. Nilimaanisha basi, maliza, vaa viatu vyako uende. Lakini kichwa hakina maneno mengi.

Mama alinitazama kwa muda. Akavuta pumzi, akaomba kalamu. Akasaini mkataba ambao Phakamile alikuwa ameshautandaza mezani.

"Kavae, shangazi," Phakamile alisema, ameshasimama. "Tuiwahi benki."

Nilichukua nakala yetu ya mkataba nikatoka mlango wa nyuma. Nilikuwa nakwenda kulia, sitawadanganya. Lakini uani kwa jirani MaTolo alikuwa anaanika nguo.

"Babalwa, ile gari yenye ngazi imekuja kwenu?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwenye shati jeupe? Anaitwa Phakamile?"

Nikatikisa tena.

Alitupa shuka ndani ya beseni. "Kwenu ni nani leo?"

"Ni Bhele," nikanong'ona. "Ni ndugu yake mama."

"Bhele." MaTolo alicheka bila kufurahi. "Mwezi uliopita hapa kwangu alikuwa Tolo. Dlangamandla, majina yote ya sifa ya ukoo wetu. Alinikuta nafua akaninyang'anya nguo, akafua mashuka mawili, akayakamua. Nilidhani nimepata mtoto uzeeni. Nikamchemshia kichwa cha kondoo, akala mpaka macho."

"Na paa?"

"Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Lilikuwa na michirizi ya kijivu mpaka ukutani, kama uso wa mtu aliyelia na poda.

"Alinyunyiza rangi asubuhi moja, akasema hii ni ngozi mpya ya paa, itadumu maisha. Mvua ya kwanza ikaishusha. Nikimpigia simu hapokei."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Ningesemaje? Nizunguke mtaani kutangaza kwamba mtu mzima kama mimi nimeuziwa maji? Mume wa jirani yetu MaRadebe angenicheka mpaka Krismasi." Akashusha sauti. "Hata wanangu hawajui. Nimewaambia nililipaka mwenyewe."

Hapo hasira yangu ikapoteza njia, sikujua nimkasirikie nani.

"Aliujuaje ukoo wako?" nikamuuliza.

"Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Nadhani ni ile fomu niliyojaza pale madukani. Ile ya kushinda paa la bure."

Fomu hiyo niliijua.

Wiki mbili nyuma, nje ya duka kubwa, msichana mwenye kofia nyekundu alinishika mkono. Dada, jaza tu, dakika moja. Sikutaka. Lakini kusema hapana siwezi. Nikachukua kalamu.

Fomu ilikuwa na maswali ya heshima. Nyumba namba ngapi. Mama ni wa ukoo gani, ili tukipiga simu tumwite ipasavyo. Panavuja wapi. Je, mwaka huu familia ina shughuli kubwa, tuwaombee?

Nikajaza yote. Kwa mwandiko wangu mzuri wa kikutubi. MaBhele. Chumba cha nyuma, kona ya kushoto, juu ya kitanda. Desemba, kuzindua jiwe la baba.

Msichana akasema Mungu awabariki.

Kwa hiyo hakuna damu iliyomwita Phakamile. Nilimwita mimi. Nilimpa jina la mama yangu na kaburi la baba yangu kwenye karatasi moja, kwa sababu niliona aibu kumwambia msichana wa kofia nyekundu kwamba nina haraka.

Nikasikia injini ikiwaka.

Nilizunguka nyumba mbio. Mama alikuwa ndani ya gari, ameshavaa koti lake la kanisani, pochi mapajani. Phakamile anafunga mlango wa mama kwa adabu, kama anafunga sanduku. MaTolo alinifuata nyuma, mikono inadondosha maji.

"Tolo," aliita. "Hujambo, mwanangu? Au Jumamosi wewe ni Bhele?"

Phakamile hakushtuka hata kidogo. "Shangazi MaTolo, shikamoo. Mama yangu mzazi ni Tolo, baba ni Bhele. Pande zote mbili ni damu yangu. Kuna ubaya?"

Mnaona? Anayo majibu mfukoni kama chenji. Mama akatikisa kichwa kidogo: inawezekana. Ni kweli, inawezekana.

"Na paa langu?" MaTolo akauliza.

"Mafundi walikosea mchanganyiko. Jumanne narudi mwenyewe. Sasa tuiwahi benki."

Akazunguka kwenda upande wa usukani.

Nilisimama mbele ya gari. Sijui miguu ilinipelekaje. Niliweka viganja vyangu viwili juu ya boneti, ya moto, nikabaki hapo.

"Dada mdogo, toka."

"Nilijaza fomu," nikasema.

"Nini?"

"Mama." Sauti yangu ilikuwa kama ya kifaranga, lakini ilikuwa nje. "Nilijaza fomu pale madukani. Nikaandika wewe ni MaBhele. Nikaandika panapovuja. Nikaandika jiwe la baba. Hakusikia damu wala paa, alisoma mwandiko wangu."

 Mama alinitazama kupitia kioo cha gari.

Phakamile alicheka. "Fomu ni utaratibu wa kampuni, shangazi. Haibadilishi ukoo wa mtu."

Mama alifungua mlango. Akatoa mguu mmoja, kisha wa pili. Akashika pochi yake kwa mikono yote miwili.

"Leo siendi benki," alisema.

Basi hapo ndipo niliposikia sauti halisi ya Phakamile. Ile ya shangazi, shangazi, ilianguka kama ile rangi ya MaTolo.

"We mama, umesaini. Unajua faini ya kuvunja mkataba? Nimepoteza asubuhi nzima hapa nakunywa maji yenu ya majani. Nitakuja na watu wa mahakama wachukue hivyo viti."

Mama alirudi nyuma hatua moja. Nikamwona amekuwa mdogo ndani ya koti lake.

Nikageuza ile nakala. Mimi ni mkutubi, kurasa za nyuma ndizo nilizofundishwa kusoma. Pale chini, kwa herufi za kusaka kwa miwani, sheria inawalazimisha kuandika haki ya mteja.

Nikasoma kwa sauti.  Aliyefuatwa nyumbani kwake akauziwa ana siku tano za kazi kubadili mawazo. Bila sababu. Bila faini. Kwa maandishi.

"Nipe kalamu yako," nikamwambia.

"Nini?"

"Kalamu. Ile aliyosainia mama."

Hakunipa. MaTolo alichomoa ya kwake kwenye kilemba, sijui hata ilifikaje huko. Nikaandika juu ya boneti yake, kwa mwandiko ule ule wa kwenye fomu: tumefuta. Tarehe. Mama akasaini. Nikapiga picha ya karatasi, ya namba ya gari, na ya uso wake, nikaituma ile karatasi kwenye namba ya kampuni yeye akiwa anatazama.

"Mmelogwa nyie," alisema. "Mtalala kwenye maji."

"Tutalala," MaTolo alimjibu. "Wewe nenda kawe Mkristo mwenzao huko mbele, labda wanahitaji."

Akaondoka kwa kishindo, vumbi lote likatua kibarazani kwa mama.

MaTolo alikaa chini kwenye ngazi zetu. Siku zake tano zilikwisha zamani, zilipita yeye akiona aibu. Tumeandika malalamiko yake, mimi na yeye, hadi leo hajarudishiwa kitu. Watu hawa mtaji wao si ngazi wala rangi. Mtaji wao ni ile aibu yetu. MaTolo angesema siku ya kwanza, mama asingefungua mlango. Wanaokota yale tusiyoambiana ndani ya nyumba zetu, wanatuuzia. Mtu akikuambia bei ni ya leo tu, mwache aende nayo leo hiyo hiyo. Na kama umeshaumizwa, piga kelele ili wa pili apone.

Lakini kilichonifanya niandike hapa kilitokea jikoni, baada ya MaTolo kwenda kwake.

Mama alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango. Akaanza kuosha vikombe.

"Nilijua si Bhele," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ndugu wa mke akiingia nyumba ya ndoa ya dada yake, husalimia kwanza wenye nyumba. Hapa ni kwa Mpinga, ukoo wa baba yako. Angewataja wao kwanza. Na asingethubutu kile kiti. Nilijua kabla sijamimina kikombe cha kwanza."

"Sasa kwa nini ulimwacha, mama?"

"Majina yalinifurahisha. Nikasema anywe chai, aende." Alisuuza kikombe, akakirudia tena. "Kisha akasema panavuja juu ya kitanda chako. Ukatikisa kichwa. Miaka miwili mwanangu analala kwenye maji haniambii, anamwambia msichana wa dukani."

Nilichukua kitambaa, nikaanza kufuta vikombe alivyosuuza.

"Halafu akakuuliza kama unalitaka paa, ukatikisa tena. Wewe hujawahi kuniomba kitu, Babalwa. Hata viatu vya shule hukuomba, nilikuwa naangalia vidole. Nikasema, basi, mtoto ameomba. Tapeli au si tapeli, labda atalipaka vizuri. Baba yake atasubiri."

Kwa hiyo hakutapeliwa na Phakamile. Alikuwa anakwenda kulitoa jiwe la mumewe, macho wazi, kwa ajili ya kichwa changu kilichotikisika kwa aibu.

Nilianza kulia. Mama hakunibembeleza. Alifunga bomba, akafuta mikono, akanigeukia.

"Sasa unalitaka paa?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

"Usinitikisie kichwa. Nimechoka kusoma kichwa chako. Sema."

Nilifungua mdomo. Ilichukua muda, na yeye alisubiri.

"Sitaki paa, mama. Namtaka baba. Na kwa kuwa yeye simpati, nataka awe na jiwe lake, lenye jina lake, tumpelekee Desemba, na mimi niwepo nikilia kwa sauti."